Kifua cha Mama Lishe, Maziwa ya Fundi na Moshi wa Jirani

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za kifua, sijui ni hili vumbi la kiangazi au ni vile watu wameanza kujiuliza, ila nimezisoma zote na kuna moja imeninyima usingizi, hiyo naanza nayo hata kama haikuwa ya kwanza kuingia, maana haiwezi kungoja. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI
Kamwene dokta. Huku Makete baridi ya mwezi wa sita na wa saba unaijua mwenyewe. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, lakini tunasubiri kwanza moshi uishe nje, likishakolea jekundu ndo tunaingiza, tunafunga madirisha tunalala. Juzi mke wangu kaamka kichwa kinamgonga, anatapika, na watoto wawili wamelegea kabisa. Tukanunua dawa za malaria dukani. Jana tena hivyohivyo. Hii ni malaria sugu?
Baba wawili, Makete

JIBU
Kamwene kaka yangu. Kabla hujasoma mstari mwingine, leo usiku jiko lilale nje. Halafu endelea kusoma.

Hiyo sio malaria. Malaria haikamati watu watatu wa nyumba moja asubuhi moja, tena Makete na baridi ile mbu wenyewe ni wachache. Kilichowapata kinaitwa kaboni monoksaidi, ni hewa inayotoka kwenye mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, na ule mkaa mwekundu uliokolea, ambao wote tunauona umeshakuwa salama kwa sababu hautoi moshi, unaitoa kwa wingi tu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo, kwahiyo pua yako haiwezi kukuamsha.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye damu kuna himoglobini, kazi yake kubeba oksijeni toka mapafuni kuisambaza mwilini. Sasa kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani ni kama daladala iliyojaa abiria wasioshuka kituo chochote, oksijeni inabaki stendi inapunga mkono. Mtu anapumua kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, mwili kulegea, na aliyelala anaweza asiamke. Nyie mmeamka mara mbili, mshukuruni Mungu na msijaribu mara ya tatu. Na usiniambie utaacha dirisha wazi kidogo, dirisha la kuachwa wazi kidogo huwa linafungwa saa nane usiku baridi ikizidi. Tumieni blanketi, maji ya moto kwenye chupa chini ya shuka, na watoto walale katikati.

Mpeleke mkeo na watoto hospitali wakaangaliwe, haraka zaidi kama mkeo ana mimba maana mtoto tumboni huumia kuliko mama. Na useme kwa mdomo wako "tulilala na jiko la mkaa ndani", kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kusoma namba nzuri kabisa wakati mtu ana sumu hiyo kwenye damu, hakijui kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Siku ukikuta mtu hajitambui kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mvute nje kwenye hewa, kimbiza hospitali apewe oksijeni. Kumkanda na maji au kumpa maziwa ni kupoteza muda.

SWALI
Habari za kazi dokta. Mimi ni mama lishe Mbagala, nina miaka 46, mwaka wa 15 huu napikia mkaa na kuni. Sigara sijawahi kuvuta hata moja. Nina kikohozi mwaka wa tatu, asubuhi natoa makohozi mengi, na pale kilimani kwenda nyumbani siku hizi nasimama mara mbili nihemee. TB nimepima mara mbili hamna. Antibayotiki nimemeza mpaka nimechoka. Kila mtu ananiambia niache maji ya baridi. Ni nini hiki?
Mama lishe, Mbagala

JIBU
Nzuri dada yangu, na pole sana. Maji ya baridi yaache kwenye kesi hii, hayahusiki.

Ngoja nikupeleke njia hewa inakopita, utaelewa mwenyewe. Hewa ikiingia puani inachujwa na vinyweleo, inapashwa joto, inalainishwa, halafu inashuka kwenye bomba la hewa ambalo urefu wake ni kama sentimita 11, bomba linagawanyika mawili, pafu la kulia na la kushoto, na kila tawi linaendelea kugawanyika tena na tena, karibu mara 23, mpaka mwisho kabisa zinapoishia kwenye vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivyo ni zaidi ya milioni 300, na ukivikunjua vyote ukavitandaza chini vinafunika kama mita za mraba 70, inakaribia nusu ya kiwanja cha voliboli, imekunjwa ndani ya kifua chako! Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, upande huu hewa upande ule damu, hapo ndo oksijeni inavuka.

Sasa njiani kote kule kuna walinzi. Ndani ya mabomba kuna ute unaonasa uchafu, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo muda wote vinausukuma ute kwenda juu mpaka kooni, unaumeza au unautema bila hata kujua. Moshi unavidhoofisha hivyo vinyweleo, na mwili ukiona uchafu unazidi unatengeneza ute mwingi zaidi, kwahiyo ute mwingi, wa kuusukuma hamna, ndo hayo makohozi ya asubuhi, yalilala usiku mzima yanatafuta pa kutokea. Kikohozi chako kinafanya kazi ya vinyweleo vilivyoshindwa.

Na sio chembe zote zinanaswa. Masizi makubwa yanaishia puani, ndo ule weusi unaouona ukipenga. Zinazoumiza ni zile ndogo zinazoitwa PM2.5, upana wake hauzidi maikroni 2.5, unywele wako mmoja ni mnene kama mara 30 ya hapo. Hizo zinapita mpaka kwenye vifuko, na nyingine ndogo zaidi zinavuka kuingia kwenye damu, ndo maana moshi unagusa hadi moyo na kuleta kiharusi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 za chembe hizo kwenye mita moja ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni kwenye banda lisilo na pa kutolea moshi linaweza kufika mamia. Na wewe umeinama juu yake miaka 15.

Ninachokihofia kwako ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Wengi wanaujua kama ugonjwa wa wavuta sigara, hata baadhi ya wahudumu wakisikia huvuti wanaufuta kichwani, lakini kwetu huku akina mama wengi wanaupata jikoni bila kushika sigara maisha yao yote. Mabomba yanavimba na kunyauka, baadhi ya vifuko vinaharibika, hewa inaingia lakini kutoka ni shida. Siwezi kukuthibitishia kwa meseji. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa uombe kipimo cha kupuliza kwenye mashine, kinaitwa spairometri, eksirei peke yake mara nyingi haiuonyeshi mapema. Mwambie daktari neno hili: "napikia kuni na mkaa miaka 15". Wasipouliza, sema. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, sitakudanganya, lakini kuna inhela za kutanua njia, na ukipunguza moshi sasa hivi unapunguza kasi ya kuharibika na kile kilima utakipanda vizuri zaidi. Ukiona damu kwenye makohozi, jasho la usiku au unakonda, rudi kupima TB hata kama ulishaambiwa hamna.

Kuhusu jiko. Najua utaniambia gesi ni hela, na kweli ni hela, biashara ya maharage na makande kwa mtungi inaweza kula faida yote. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihamia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila wewe unawasha jiko kesho saa kumi alfajiri, sio 2034. Kwahiyo anza na unachoweza: toa jiko kwenye banda lililozibwa kwa turubai pande zote, fungua walau pande mbili mkabala upepo upite, kaa upande upepo unakotokea. Maharage yaloweke usiku uliotangulia yaive haraka. Kuni ziwe kavu kabisa. Mkaa uuwashie mbali ukolee ndo uusogeze, na tafadhali dada yangu usiwashie kwa nailoni wala vipande vya ndoo, hiyo ni sumu nyingine juu ya sumu. Chai na mayai ya kukaanga, vitu vya haraka, vihamishie kwenye gesi taratibu. Kila saa moja unayotoa pua yako kwenye moshi ni faida.

SWALI
Mambo dokta. Mimi fundi seremala Keko. Kila jioni bosi anatununulia maziwa pakiti moja moja, eti yanasafisha vumbi kifuani. Juzi kwenye grupu la WhatsApp jamaa kaandika ni uongo. Nani mkweli?
Fundi, Keko

JIBU
Poa mdogo wangu. Jamaa wa grupu ndo mkweli, na bosi wako nadhani anawapenda ila hajui.

Kooni kuna njia mbili, moja ya chakula kwenda tumboni na moja ya hewa kwenda mapafuni, na kuna kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa kila unapomeza. Siku kifuniko kikichelewa hata kwa tone la maji unapaliwa, unakohoa mpaka machozi. Sasa fikiria maziwa ya pakiti nzima yangekuwa yanafika mapafuni, si ungekuwa unakimbizwa hospitali kila jioni? Maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Vumbi hayaligusi kabisa.

Shida yangu na hayo maziwa ni kwamba yanawapa amani ya uongo, mtu anapiga msasa siku nzima bila kuziba pua akijua jioni atasafishwa. Vumbi la msasa ni jembamba kuliko la msumeno na ndo linaenda mbali zaidi. Vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa kimataifa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na mbao kama mvule zinajulikana kwa kuamsha pumu. Hela ya maziwa ya mwezi mwambieni bosi anunue barakoa za N95, zile ngumu zinazokaza usoni, kitambaa kinazuia chenga tu. Pigeni msasa nje, na jioni mwagieni maji kidogo kabla ya kufagia, msipulize karakana kwa kompresa.

Nawaambia pia wapasua kokoto na wachimbaji, vumbi lenu ni baya kupita la fundi huyu. Vumbi la jiwe lina silika, likifika kwenye vifuko linaacha makovu yasiyofutika, na mapafu yenye silika yanakamatwa na TB kirahisi mno, waulizeni wachimbaji wa tanzanaiti Mirerani.

SWALI
Dokta naomba unisaidie. Mwanangu ana miaka 7 ana pumu. Tumepanga karibu na barabara kubwa Manzese na jirani anachoma taka kila jioni, plastiki na pampasi zote humohumo. Hospitali walimpa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Mama mkwe anasema inhela ikizoeleka mtoto hataacha maisha, nimpe ya bluu tu akizidiwa. Nifanyeje?
Mama J, Manzese

JIBU
Mama J, mama mkwe ana nia njema na hofu hiyo anayo nusu ya nchi hii, kwahiyo mweleze kwa heshima, mwambie mama nimeuliza nikajibiwa hivi. Inhela haizoeshi. Kinachomfanya mtoto aihitaji tena ni ugonjwa, sio inhela.

Kwenye pumu vinatokea vitu vitatu kwa pamoja: ukuta wa mabomba madogo unavimba, misuli inayoyazunguka inabana, na ute unajaa. Bomba likipungua upana nusu, kazi ya kupitisha hewa inaongezeka mara 16, na mabomba ya mtoto ni membamba tangu mwanzo, ndo ule mluzi unaousikia. Ya bluu, kwa kawaida ni salbutamol, inalegeza misuli tu, dakika chache ana nafuu, lakini uvimbe uko palepale. Ya kahawia, beklometasoni mara nyingi, ndo inayoshusha uvimbe na inatumika kila siku hata akiwa anacheza mpira mzima kabisa. Ukimpa ya bluu peke yake unazima kengele unaacha moto. Soma jina kwenye boksi usitegemee rangi tu, na akimaliza ya kahawia asukutue mdomo.

Avute kupitia chemba, kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na mdomo wa inhela, dawa isiishie ulimini. Chemba ya dukani ikikosekana, chupa ya maji ya nusu lita ikitobolewa kitako ukaingiza mdomo wa inhela pakaziba vizuri inafanya kazi, madaktari wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto na kutangaza matokeo mwaka 1999. Muombe muuguzi akuonyeshe. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama akivuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au ya bluu haimpi nafuu ya kudumu masaa manne, hapo ni hospitali usiku huohuo, mwendelee kumpa ya bluu njiani.

Sasa barabara na jirani. Kuna mtoto wa London anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa na pumu kali, aliishi karibu na barabara yenye magari mengi, akalazwa karibu mara 30 na akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake Rosamund alipigania miaka mingi, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Kwenye uamuzi ule kuna kitu kinaniuma mpaka leo: mama hakuambiwa na mtu yeyote kwamba hewa ya pale inamdhuru mtoto, na kwamba angejua angechukua hatua ambazo pengine zingemuokoa. Basi mimi nakuambia wewe. Kama kodi inaruhusu kuhamia hata mtaa wa ndani, mbali kidogo na barabara, hama. Kama hairuhusu, alale chumba cha upande wa pili na barabara, dirisha la barabarani lifungwe saa za foleni.

Jirani mfuate mchana kabla hajawasha, nenda na mtoto na inhela mkononi, wengi hawajui na wakiona mtoto wanaelewa. Akikataa nenda kwa mjumbe, serikali ya mtaa, na afisa afya wa kata, una haki na usione aibu. Moshi wa plastiki hauna cha kawaida, una kemikali ambazo hata mtu mzima mwenye mapafu mazima hatakiwi kuzivuta.

SWALI
Dokta, bodaboda hapa Ubungo. Navuta sigara tano kwa siku na moshi wa malori juu. Nikiacha sigara itasaidia wakati moshi wa barabarani uko palepale?
Boda, Ubungo

JIBU
Itasaidia sana. Moshi wa lori unauvuta umechanganyika na hewa nyingi, wa sigara unauingiza mzima kwa hiari. Ukiacha, ndani ya siku chache kaboni monoksaidi inatoka kwenye damu, ndani ya miezi vinyweleo vinaanza kufanya kazi (utakohoa zaidi mwanzoni, usiogope), na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu inashuka kama nusu ukilinganisha na anayeendelea. Kwenye foleni usijibane nyuma ya bomba la lori, kaa pembeni au mbele.

SWALI
Shikamoo dokta. Nina mtoto wa miezi 8, nikipika nambeba mgongoni hawezi kukaa peke yake. Amepata kikohozi na naona kama anahema haraka. Bibi yake anasema ni mafua ya meno. Nitajuaje kama ni nimonia?
Mama mdogo, Kasulu

JIBU
Marahaba mwanangu. Meno hayaleti kuhema haraka.

Mtoto mgongoni pua yake iko usawa wa moshi sawa na yako, na anapumua mara nyingi kuliko wewe. Wewe ukitulia unapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yeye karibu mara mbili ya hapo, kwahiyo kwa ukubwa wa mwili wake anakula moshi zaidi. Moshi wa nyumbani unaongeza karibu maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata maambukizi ya mapafu. Ukiwasha moto mwache kwa bibi nje, au kwa dada yake, mpaka upike umalize.

Sasa mhesabu. Subiri atulie, asiwe ananyonya wala analia, mfunue nguo tumbo na kifua vionekane. Shika simu yenye saa, hesabu kila kifua kinapopanda ni moja, dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi ni kuhema haraka. Akishafika mwaka mpaka miaka mitano ni 40. Chini ya miezi 2 ni 60. Angalia pia chini ya mbavu, kama panabonyea ndani kila akivuta hewa, au kama hawezi kunyonya, amelegea, anatoa sauti ya kukoroma akiwa macho, hapo hata usihesabu.

Ukipata 50, sufuria ipua, moto uzime, mfunge mtoto vizuri uende kituo cha afya leo hii, usingoje kesho wala bibi amalize kuchemsha majani.